Mshenga, kwaya, Desemba au simu: njia nne za kupata mwenza Moshi na Arusha

"Na hawa watoto walionana wapi?"

Mzee wa Kibosho aliniuliza hivyo mwaka juzi, barua ya posa iko mkononi mwake na hajaifungua. Mshenga nilikuwa mimi. Njiani, ndani ya Noah, tulishakubaliana na kijana kwamba tukiulizwa tutasema walikutana kwa rafiki yao Arusha. Ukweli walikutana Badoo, programu ya simu ya kutafuta wachumba. Nikajibu kama tulivyopanga, mzee akaguna, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka, mambo yakaenda.

Usiku nililala na lile swali. Tulificha nini hasa? Hakuna aliyeiba wala aliyedhulumu. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba mzee hakuwa anauliza mahali. Alikuwa anauliza nani aliwaona. Nani anaweza kusimama mbele yake akasema, huyu kijana namfahamu, na kwao napafahamu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi mjini. Magauni ya sendofu, sare za kamati, suti za wasimamizi, nyingi zimepita mikononi mwangu, na mtu akisimama kupimwa kiuno huwa anaongea. Ushenga nimeufanya mara tano: posa tatu za watu waliofahamiana kwa njia tulizozizoea, mbili za watu wa simu. Vijana wananiuliza, "Mjomba, sasa nipite wapi?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo nazipanga njia zote hapa, moja kando ya nyingine. Napima kwa swali la yule mzee: nani anakuona, nani anakuulizia, na mambo yakiharibika nani anasimama na wewe.

Wazee na mshenga

Vijana wakisikia "wazee" wanadhani ni kuchaguliwa mke. Siku hizi kwetu sivyo. Mtu anajichagulia mwenyewe, au mama mdogo anamdokeza tu: "Kuna binti wa jirani yangu Uru, ni nesi, umeshamwona?" Akishapenda, ndipo wazee wanaanza kazi yao, nayo ni kuulizia. Katika kuulizia, sijaona programu ya simu inayomfikia mama wa Kichaga wa miaka sitini akishadhamiria. Siku tatu anakuletea kila kitu: kijana ana mtoto Same, baba yake ana kesi ya mpaka wa kihamba (shamba la familia), mkopo wa vikoba haujaisha, na yule "kaka" anayeishi naye Arusha si kaka yake.

Kuna jambo moja ambalo njia hii inalijua kuliko zote, nalo ni ukoo. Majina yetu yanajirudia mlima mzima. Kina Mushi, kina Massawe, kina Kimaro wamejaa kila upande, wengine ni ndugu wa damu, wengine wamefanana jina tu. Mwiko wa kuoana ndani ya ukoo bado una nguvu. Mojawapo ya zile posa mbili za simu ilikwama hapo. Vijana walichati miezi minane, wamependana, halafu siku ya kuandika barua wakagundua jina la ukoo ni moja. Binti alilia. Tukampeleka kijana kwa bibi mmoja Machame, kipofu karibu, akahesabu mababu kwa vidole vya mikono miwili akarudia tena, akasema hawa walihamia kutoka upande wa pili wa mto, si wa kwetu, waacheni waoane. Dakika kumi. Bila yule bibi wangeachana kwa hofu ya bure.

Na ikiwa kati ya familia mbili kuna kisasi cha zamani, wazee ndio wanaojua nani abebe jani la sale kwenda kuomba radhi. Sale ndiyo tunayopanda kwenye mipaka ya vihamba, na hiyo hiyo ndiyo ya kusameheana.

Lakini nisiwapambe mno. Wazee wanauchunguza ukoo kuliko wanavyomchunguza mtu. Wana ubaguzi wao ambao wanauita busara. Mwanamke akitoka Machame ataandamwa na ule utani kwamba wanawake wa kule wanaua waume warithi mali. Nimeona posa ikicheleweshwa kwa utani huo, na siku hiyo hakuna aliyekuwa anacheka. Mwanamke mwenye mtoto anajadiliwa kama gari lililogongwa. Mtu wa kabila lingine anaitwa "mtu wa kuja" hata kama amezaliwa Majengo.

Kasoro kubwa zaidi ni hii: wanaulizia sana upande wa pili, wa kwao wanamfunika. Dada mmoja niliyemshonea gauni la sendofu alirudi baada ya miaka miwili nimpunguzie nguo. Amekonda, ana kovu juu ya jicho. Shangazi wa mume alikuwa anajua tangu mwanzo kwamba kijana ana mkono mwepesi, kwamba mwanamke wa kwanza alikimbia usiku na kanga moja. Alipoulizwa mbona hakusema, akajibu, "Tulijua akioa atatulia." Nilimshonea dada yule bila kumdai, na tangu siku hiyo nikifanywa mshenga namwuliza shangazi maswali peke yake, mbali na wanaume.

Wengine wanaikwepa njia hii kwa sababu ya mahari. Wajue tu kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haibatilishi ndoa kwa kuwa mahari hayakutolewa. Inachodai ni hiari ya wawili wenyewe. Mzee akikuambia bila mbuzi hakuna ndoa, anakusomea mila, na mila ina uzito wake pale nyumbani, ila asikuambie ni sheria.

Kwaya na msikitini

Hapa nitapita haraka kwa sababu kila mtu anapafahamu. Faida ya kwaya ni kwamba unamwona mtu akiwa amechoka. Mazoezi ya Jumatano jioni, amekosea noti, mwalimu amemkemea mbele ya watu: anajibuje? Unamwona akibeba masufuria msibani, unamwona akichangia au akikwepa kuchangia. Hilo huwezi kulipata kwenye picha hata ziwe mia. Na ikifika ndoa, mambo yameshajipanga, mchungaji au padri anawajua, mafunzo yapo, matangazo yanasomwa Jumapili, mwenye pingamizi asimame.

Kwa ndugu zetu Waislamu kuna mpangilio wake safi kabisa: walii, yaani msimamizi wa bibi harusi, anahusishwa mapema, mashahidi wapo, na mahari ni ya bibi harusi mwenyewe, si ya baba zake. Sisi wengine tungejifunza hapo.

Tatizo? Hesabu. Ingia umoja wa vijana wowote hapa mjini uhesabu viti vya wanaume. Wanawake kumi na wawili, wanaume wanne, na kati ya hao wanne mmoja ana mchumba Tanga na mwingine anajiandaa na seminari. Halafu mkiachana, mmoja lazima ahame kwaya. Nimeona sauti ya tatu nzima ikivunjika kwa sababu ya uchumba mmoja.

Desemba

Msomaji asiye wa huku atashangaa kuiona Desemba kwenye orodha ya njia za kutafuta mwenza. Ngoja nikueleze. Mchaga anaweza kukaa Mwanza, Mbeya, Dar es Salaam, mwaka mzima hajampigia simu hata binamu yake, lakini Krismasi atapanda. Mabasi yanajaa, barabara ya Himo hadi Marangu inakuwa magari matupu, na tangu treni ya abiria ilivyorudi Moshi Desemba 2019, wengine wanakuja nayo taratibu na makreti yao. Kwa wiki mbili mlima unajaa vijana waliozaliwa jirani na kukulia mbali. Kuna ubatizo, kipaimara, harusi tatu kwa siku moja, ndafu, mbuzi wa kuchomwa mzima, inakatwa kila boma. Watu wanaonana hapo.

Uzuri wake ni kwamba unamwona mtu kwao. Unaona anavyomsalimia baba mkubwa wake, unaona kama anaingia jikoni kwa mama au anakaa barazani anaagiza. Unaona kihamba: kimetunzwa au migomba imejifia? Mtu asiyejali kihamba cha baba yake huenda ana sababu, lakini ni swali la kuuliza.

Ubaya wake ni kwamba Desemba kila mtu ni tajiri. Gari ni la kuazima, viatu ni vipya, bia anawanunulia hadi watu asiowajua. Kaka mmoja aliniletea suruali nne kuzipunguza tarehe 20, akalipa bila kuomba kupunguziwa. Machi nilimkuta Dar, stendi, akaniomba elfu tano ya nauli. Simcheki. Ndivyo tulivyo: mwaka mzima mtu anajibana ili wiki mbili aonekane. Ila usimvishe mtu pete kwa kumwona wiki hizo mbili. Mtembelee Machi, ada za shule zikiwa zimemkamua.

Arusha wana Desemba yao, ila inakuja kwa msimu wa utalii. Kijana anayeongoza watalii au anayeendesha gari la safari, ukikutana naye Agosti ana fedha za kigeni mfukoni, anacheka, anakupeleka Njiro kula. Mvua za Aprili na Mei zikishika, wageni wanapungua, gari limeegeshwa, na mshahara kwa wengi wao unategemea safari. Huyo wa Aprili ndiye utakayeishi naye. Dada zangu wa Sakina na Kijenge, ukipendwa Agosti, vumilia ukampime Aprili.

Simu

Sasa hii ndiyo wanayoniulizia kwa sauti ya chini.

Badoo ipo tangu 2006 na Tinder tangu 2012, lakini kwa wateja wangu mlango mkubwa ni Facebook, Instagram na magrupu ya WhatsApp. Amemwona mtu kwenye picha za harusi ya rafiki, anapenda picha, anatuma "mambo", wiki ya pili wamepeana namba. Huko Marekani mtafiti Michael Rosenfeld wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walichapisha mwaka 2019 kwamba kati ya wapenzi wa kike na kiume waliokutana 2017, asilimia 39 hivi walikutana mtandaoni, na kwamba mtandao umeshawapita marafiki waliokuwa wakiongoza kwa kuunganisha watu. Maana yake kule mshenga ameachishwa kazi. Hapa kwetu bado anaitwa, ila mwishoni, wakati mambo yameshaiva.

Programu hizi hupanga watu kwa umbali, na jiografia yetu ina vichekesho vyake. Moshi ni mji mdogo. Ukiweka kilomita 10, siku chache tu umeshamwona jirani yako wa Pasua, mwalimu wa mwanao na mume wa mtu. Ukipanua hadi 80, Arusha inaingia, na upande wa mashariki inavuka Holili unaletewa watu wa Taveta, Kenya. Katikati yao wamejaa wageni waliokuja kupanda mlima au kujitolea. Wiki mbili wameondoka, na wewe umebaki na picha mliyopiga getini Marangu.

Faida yake sitaidharau, kwa sababu nimeisikia kwa mtu aliyeihitaji. Mama mmoja mjane, miaka 41, anauza nguo Kijenge, aliniambia hivi nikimpima mkono: "Kwenye kwaya mimi ni mama mjane. Kwenye ukoo mimi ni mke wa marehemu. Kwenye simu nilikuwa jina langu tu." Angesubiri wazee, wangemkalisha na shemeji zake kwanza. Aliandika wazi siku ya kwanza kwamba ana watoto wawili na hatazaa tena. Waliokimbia wakakimbia mapema, aliyebaki ndiye niliyempelekea posa, ile ya pili. Kwa mwanamke aliyeachika, kwa mwenye mtoto, kwa mgeni asiye na ndugu mji huu, kwa mtu wa kabila ambalo mashangazi hawalitaki, simu inafungua mlango ambao njia nyingine zinaubamiza.

Lakini swali la mzee linabaki palepale. Nani amemwona? Kwenye simu, kazi yote ya kuulizia ni yako peke yako, na wengi hatuifanyi kwa sababu tumeshapenda. Kwa hiyo nitataja zinazosaidia.

Angalia jina kwenye pesa. Ukianza kumtumia mtu fedha kwa simu, kabla hujathibitisha linatokea jina lililosajili laini. Huna haja ya kutuma. Soma jina, ghairi. Laini zetu zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole Mei 2019, na baada ya Januari 20, 2020 ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kufungwa, kwa hiyo jina lile lina uzito. Akijiita Brayani na laini inasema Mwanaidi, muulize. Huenda ni laini ya dada yake. Huenda. Na wewe mwenyewe piga *106# ujue ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, kwa sababu tapeli anayejiita Brayani anaweza kuwa anatumia jina lako.

Mpigie kwa video bila kumwambia, saa ya kawaida, si saa nane usiku. Mtu ambaye kamera yake imeharibika mwezi wa tatu huu hana kamera mbovu.

Kutaneni mchana, mahali penye watu, na mtu mmoja wako ajue uko wapi na nani. Moshi kahawa ipo, Arusha kahawa ipo. "Njoo geto nikupikie" siyo ya siku ya kwanza.

Hela sasa. Wanaume wanalalamika kuliwa nauli: dada yuko Dodoma, anakuja wikiendi, ametumiwa nauli, basi limeharibika Babati, bibi ameugua, simu imezimwa. Wanaume hao wananichekesha, maana wengine wamemtumia mtu wasiyewahi kusikia hata sauti yake. Kwa wanawake mchezo ni mzigo. Mzungu, injinia au daktari wa jeshi, amempenda baada ya wiki mbili, amemtumia sanduku lenye simu na dhahabu, sasa limekwama forodhani uwanja wa ndege na "ofisa" anapiga simu anataka malipo. Ukilipa ya kwanza inakuja ya pili. Hakuna sanduku. Namba ya tapeli itume 15040, usiishie kuiblokia. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa hiyo hifadhi skrinishoti kabla ya kufuta kwa hasira.

Na picha. Picha za faragha usitume, hata kwa mchumba mwenye pete. Sina la kuongeza.

Ukiziweka pamoja

Kwa muda, njia ya wazee ni nzito mwanzoni na nyepesi mwishoni. Miezi inapita katika kuulizana, halafu barua ikijibiwa, kamati inaundwa ndani ya wiki. Simu ni kinyume chake. Siku tatu mnaitana "mke wangu", mwaka wa pili bado unatambulishwa kama "rafiki yangu wa Moshi". Kwaya iko katikati. Desemba ina haraka kuliko zote, na haraka yake ndiyo sumu yake.

Kwa gharama, watu wanadhani simu ni rahisi. Bando, nauli za Moshi na Arusha kila wikiendi, chakula, mizinga midogo midogo ya "nimeishiwa gesi", zikikusanywa zinashinda kishika uchumba. Tofauti ni kwamba kishika uchumba kinatolewa mbele ya watu na kinahesabiwa. Zile za simu hakuna aliyeziona, na ukidai unaonekana mchoyo.

Ila tofauti ninayoiona kubwa kuliko zote inakuja siku ya kuvunjika. Kwa wazee, kunaitishwa kikao. Kinaudhi, kina maneno, lakini unaambiwa sababu, na zawadi zinajadiliwa. Kwaya, mmoja anahama. Desemba, uchumba unakufa polepole kama moto wa majani mabichi. Februari simu moja kwa wiki, Aprili hakuna. Kwenye simu unablokiwa. Jana mlikuwa mnachagua majina ya watoto, leo picha yake imepotea na umebaki na tiki moja. Nimeona mwanaume mzima, dereva wa lori, akilia kwenye kiti changu cha wateja kwa sababu hakujua amkasirikie nani. Hakuwa anajua hata kwao.

Sheria nayo, ukiisoma, inauliza swali la yule mzee. Inaruhusu kudai fidia kwa ahadi ya ndoa iliyovunjwa, na kudai zawadi zilizotolewa kwa kutarajia ndoa, lakini itabidi uthibitishe ahadi. Barua ya posa ina wasomaji wawili, pande mbili. Chati zako zina nani?

Pia kuna imani iliyoenea kwamba mkikaa pamoja miaka miwili, basi ni mke na mume moja kwa moja. Wapenzi wengi wa simu wanaishia kupanga chumba pamoja, Ngarenaro au Soweto, wakitegemea hilo. Si hivyo kabisa. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema mkithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi katika hali iliyowafanya mtambulike kama mume na mke, mahakama itadhania mmeoana, na dhana hiyo inaweza kupingwa. Angalia lile neno la kutambulika. Majirani, mama mwenye nyumba, balozi wa nyumba kumi, ndugu. Mliokuwa mnajificha kwa miaka miwili mtamwita nani ashuhudie?

Sasa wewe ni nani?

Kama umekulia hapa, una ndugu wanaokupenda na huna cha kuficha, pita kwa wazee, ila mwite shangazi wa upande wa pili pembeni umwulize juu ya ngumi na pombe. Atakwepa mara ya kwanza. Mwulize tena.

Kama wewe ni kaka wa Dar na mama yako anakusumbua kila Krismasi, tumia Desemba kuona, usiitumie kuamua. Chukua namba, rudi mjini, mwalike au mfuate kabla ya Pasaka.

Kama umehamia Arusha kwa kazi kutoka Singida au Songea na humjui mtu, anza na ibada, siyo kwa unafiki wa kutafuta mke, bali kwa kuwa ndiko watu watakakoanza kukufahamu. Simu iwe ya pili. Mgeni anayetumia simu peke yake anakutana na wageni wenzake, na wote wawili hakuna wa kuwaulizia.

Kama una mtoto, umeachika, au umefiwa, mimi nakuambia simu, na sitaki kubishana na mchungaji. Sema ukweli wako siku ya kwanza. Halafu ikifika mwezi wa tatu na bado mpo, mtafute mtu mmoja wa upande wake umwone kwa macho, mdogo wake, mfanyakazi mwenzake, yeyote. Asiye na mtu hata mmoja wa kukuonyesha baada ya miezi mitatu, ama amekimbia kwao ama ana mke Njiro.

Na kama ni kijana wa miaka 22 unayesoma chuo hapa mjini na unaniuliza njia ya haraka, maliza mtihani kwanza. Suti yako sitaishona kwa mkopo.

Nilirudi Kibosho baadaye kupeleka sehemu ya mahari. Vijana walishaniruhusu niseme ukweli, nikamwambia mzee kwamba walikutana kwenye simu. Akanyamaza, akamwagia mbege chini kidogo, akauliza, "Hiyo simu, nayo ni ya ukoo gani?" Wote tukacheka, yeye hakucheka. Alitaka kujua kweli. Ikabidi nimweleze Badoo ni nini, saa nzima, na mwisho akasema basi afadhali, alidhani ni baa.

Jumamosi ijayo napanda Marangu na barua nyingine, ya sita. Niliwauliza hawa vijana walionana wapi ili nijiandae kujibu. Wakaniambia msibani, kwenye foleni ya kunawa mikono. Kumbe msiba nimeusahau kabisa.